Nusu Kata ya Maji

Wasifu wangu husomwa na mtu mwingine, tena kwa kipaza sauti, nami hukaa pembeni nimeinamisha kichwa kama mwari anayetolewa unyagoni. Unasema mimi ni mwanakemia bingwa. Unasema nimetumia maisha yangu kuyatafiti mafuta ya maganda ya korosho, na kwamba nilibuni njia ya kuyasafisha bila kupoteza maji. Kisha msomaji hushusha sauti kwa heshima na kuongeza kwamba tangu ujana wangu niliguswa sana na suala la uhifadhi wa mazingira. Sikuguswa na chochote. Nilikuwa namwogopa mama yangu.

Mama yangu ni mtu wa Kitangari, na mtu wa Kitangari wa rika lake ana uhusiano na maji ambao watu wa mabombani hawawezi kuuelewa. Huko juu uwandani tuna mikorosho, tuna upepo, tuna ukungu wa asubuhi unaolowesha nywele bila kujaza hata kikombe. Maji yenyewe yako chini bondeni. Kushuka si kazi, hata mbuzi anashuka. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kulikomfanya mama yangu awe mtu ambaye usingetamani kutaniana naye.

Katika nyumba nyingine kunawisha watu kabla ya kula ni kazi ya mtoto. Kwetu kata ilikuwa mkononi mwa mama, na asingeweza kumkabidhi mtoto yeyote, kama vile huwezi kumkabidhi mtoto mkoba wako. Alikuwa na utaratibu wake. Mgeni alimiminiwa kata nzima, mkono wa kulia na wa kushoto, mpaka povu lote liishe. Mtoto wa nyumbani alimiminiwa nusu, na nusu iliyobaki ikarudi mtungini. Sisi tulijifunza kusugua haraka. Maji yaliyoangukia kwenye beseni walipewa bata, na bata nao walijua kwamba hapa hakuna kuchezea.

Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni Masasi, tatizo la kwanza nyumbani lilikuwa ndoo yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na safari yangu ya bondeni ilikuwa inategemewa. Baba alisema basi, nibaki. Mama hakubishana naye. Alichukua ndoo yangu akaiweka juu ya yake, na tangu siku hiyo akawa anashuka mara mbili, safari yake na safari yangu. Hayo hayamo kwenye wasifu.

Nilirudi likizo ya kwanza nikiwa na sanduku la bati na Kiswahili cha kubana pua. Nikasalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, karibu." Neno hilo la karibu lingenishtua, lakini nilikuwa na njaa. Tulipokaa kula, wadogo zangu walimiminiwa nusu kata kama kawaida. Zamu yangu ilipofika, mama alinimiminia kata nzima. Nikafurahi! Nikadhani nimepandishwa cheo. Nilimtazama kwa madaha mdogo wangu aliyekuwa bado na sabuni vidoleni.

Likizo ya pili ilikuwa kata nzima, na ya tatu pia. Hapo furaha ilikwisha, nikamwambia, "Mama, nusu inanitosha."

"Huko kwenu kuna bomba," alijibu. "Mtu aliyezoea bomba hatosheki na nusu."

Huko kwenu! Masasi nilikuwa nalala kitanda cha juu, chini yangu analala msichana anayekoroma, na mama yangu anapaita kwetu. Iliniuma, na sitajifanya kwamba haikuniuma. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, shambani nililima kama wenzangu, lakini mbele ya mtungi nilibaki mgeni. Mama hakunifanyia kwa chuki. Alikuwa ameamua tu kwamba nimekwenda kwenye nchi ya watu wanaomwaga maji, na mtu hawi wa pande mbili.

Chuoni ndipo nilipoona kwamba mama alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Tulifundishwa kuchemsha kimiminika, kuupitisha mvuke wake kwenye bomba la kioo, na kuukamata ukipoa. Kitu chenyewe nilikifahamu: ni mtambo wa gongo uliovalishwa koti jeupe. Mtoto yeyote wa uwandani ameuona ule wa gongo wakati wa mabibo, ingawa mbele ya shehe au padri hakuna aliyeuona. Tofauti ilikuwa moja. Mtambo wa gongo unapoozwa na maji yaliyotulia kwenye gogo lililochongwa, na yale yale hutumika mpaka jioni. Huu wa chuoni ulipoozwa na maji ya bomba yaliyoingia upande mmoja wa kioo, yakatoka upande wa pili, yakaenda zake kwenye sinki. Maji safi, yasiyoguswa na kitu, asubuhi nzima. Wenzangu walikuwa wanaangalia kipimajoto. Mimi nilikuwa naangalia sinki, na shingo ilikuwa inaniuma kama vile nimebeba.

Nilitoka, nikarudi na ndoo ya usafi, nikayakinga maji yaliyokuwa yanakwenda sinkini.

Ndoo ikajaa, nikaleta nyingine. Mwalimu wetu wa maabara alikuja akasimama katikati ya ndoo zangu, mikono nyuma.

"Binti, unafanya nini?"

"Nakinga maji, mwalimu."

"Maji ya bomba hayaishi."

"Samahani, mwalimu. Kwetu yanaisha."

Darasa lilicheka, na jina la Mama Ndoo nikalibeba mpaka siku ya kuhitimu. Nacheka nami sasa, lakini wakati ule nilikasirika kweli, na nilipokasirika sikuacha. Nilifulia makoti ya maabara. Nilimwagilia mchicha niliouotesha nyuma ya jengo, na fundi wa maabara akawa mteja wangu mkubwa wa mboga. Siku za mitihani, ndoo zilipozidi na mchicha ukaanza kuoza mizizi, nilitafuta pampu ndogo, nikayarudisha maji ya ndoo juu ili yapite tena kwenye kioo, na tena, na tena. Yalipopata moto niliyaacha yapoe. Huo ndio ugunduzi. Ni lile gogo la gongo, limeongezewa umeme.

Mengine yalifuata zaidi kwa sababu nilikuwa mkaidi kuliko kwa sababu nilikuwa na akili. Niliyachukua maganda ya korosho, kwa kuwa kwetu yalikuwa malundo na hakuna mtu aliyeyagombania. Mafuta yake yanachubua ngozi. Vidole vyangu vilibabuka mpaka nikawa sina alama za dole gumba. Nilitengeneza rangi ya mbao ambayo mchwa wakiionja hawarudi, na gundi, na mengine ambayo majina yake ni marefu kuliko faida yake. Lakini nilipoandika kuhusu mtambo wangu usiomwaga maji, dunia ikashtuka. Nilialikwa ughaibuni kwenda kupewa medali ya kuokoa maji. Mvua ilinyesha huko tangu niliposhuka kwenye ndege mpaka nilipopanda kurudi, na wenyeji wangu waliitazama dirishani kwa uchovu huku wakinipongeza.

Nyumbani, habari hizi zilifika kwa ufupi. Mama aliulizwa na majirani mwanawe anafanya kazi gani, naye akanigeukia.

"Nachemsha maganda ya korosho, mama."

"Watu wanayatupa, wewe unayachemsha. Unapata nini?"

"Mafuta."

"Yanaliwa?"

"Hapana. Yanaunguza."

"Aa," akasema, na kuwageukia majirani. "Hajambo lakini. Anakula vizuri."

Nilimjengea kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua yanayotoka batini, kikubwa, chenye mfuniko. Alishukuru, akasifu mfuniko. Kisha akachota humo humo, akaninawisha kata nzima.

Mwaka huu wilaya ikaamua kunipa ngao. Mcheza kwao hutunzwa. Ukumbi wa Newala ulijaa. Mama alikaa safu ya mbele, kanga mpya, karibu na mgeni rasmi. Mshereheshaji alisoma wasifu wote, akaongeza na yake, mpaka ikaonekana kama korosho zenyewe niliziumba mimi. Kila meza ilikuwa na chupa za maji. Wakubwa walizifungua, wakapiga funda, wakaziacha wazi. Nilimtazama mama ili nione kama anafurahi. Alikuwa anaziangalia chupa.

Hotuba yangu ilikuwa imechapwa vizuri, na ina uhifadhi wa mazingira katika kila ukurasa. Niliiacha mezani. Nilipopewa kipaza sauti niliwaambia habari za sinki, za ndoo, za mchicha uliooza mizizi, na za yule mwalimu. Nikawaambia kwamba maji yale yalipokuwa yanaenda sikuona mazingira, niliona kichwa kimoja kinapanda na ndoo kutoka bondeni mara mbili. Ukumbi ulicheka kwenye mchicha na kupiga vigelegele mwishoni. Mama hakucheka wala hakupiga. Nikarudi kwenye kiti na ngao yangu, nikijiambia mtu mzima hababaiki kwa kata ya maji. Nilikuwa nababaika.

Kutoka ukumbini tulikwenda Kitangari kula, mimi, mama, na profesa mwenzangu aliyekuja nami kutoka Dar es Salaam, mtu mstaarabu anayetembea na chupa yake ya maji kila anakokwenda. Mama alikuwa amepikiwa ming'oko, ile mizizi ya porini, na kisamvu cha karanga. Aliketi na mtungi wake, beseni mbele, kata mkononi. Mtungi ulikuwa umeanza kumlemea, lakini hatukuthubutu kumsaidia.

"Hiyo ndoo," aliniuliza bila kunitazama, "ni kweli, au ulisema ili watu wacheke?"

"Ni kweli, mama."

"Na yale maji hukuyamwaga?"

"Sikuyamwaga."

"Hata walipokucheka?"

"Hata walipocheka."

Alimgeukia mgeni, "Karibu, baba," akamnawisha kata nzima, taratibu, mpaka povu likaisha. Kisha akachota tena, nami nikanyoosha mikono. Akamimina. Akasimamisha kata katikati, maji yakakatika, na nusu iliyobaki akairudisha mtungini.

Mwenzangu aliona sabuni bado iko viganjani mwangu. Kwa adabu zake zote akafungua chupa yake haraka, akaniinamia. "Ngoja nikumalizie, Profesa. Nadhani Bibi amesahau."

"Usithubutu!" nilimwambia, nikaificha mikono yangu kifuani, sabuni na yote.