Nilivyomwomba Mwenye Nyumba Anifungie Mlango

Dada yangu alivunjika nyonga. Daktari akamtengeneza, akamwambia sasa inuka utembee. Hakuinuka. Alilala kitandani hapa kwetu Jambiani akawa anatazama paa. Nyonga ilishapona, lakini alikuwa ameletewa habari kwamba ile nyumba ya Mji Mkongwe, alikolelewa na shangazi yetu tangu mdogo mpaka alipoolewa, imeanguka kwa mvua za masika. Akasema, "Nitembee niende wapi? Kwangu hakupo tena." Wanawe walimbembeleza, mimi nilimfokea, wapi. Mguu ukawa unazidi kukauka. Nikaona hapa maneno hayafai. Nikaazima simu ya binti yangu, nikafunga safari, nikaitazame hiyo nyumba na kama imesimama nije na picha yake.

Mjini mimi najua hospitali na soko la Darajani tu. Naingia, nanunua, natoka. Huko ndani kwenye vichochoro sikuwa nimetia mguu, nilidhani ni kwa watu wenye kamera. Kwa hiyo nilimpitia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Kikwajuni. Alipofungua mlango nikamwona amevaa buibui lake na miwani myeusi.

"Miwani ya nini?"

"Si tunakwenda kupiga picha? Leo sisi watalii, wifi. Au unataka watu watujue wa shamba?"

"Mimi wa shamba."

"Wewe ndiyo. Mimi wa mjini."

Dada yangu alikuwa amenipa alama. Nyumba iko nyuma ya msikiti usio na mnara. Mlango ni wa mbao mbili, na kwenye ule ubao mwembamba wa katikati, pale mbao zinapokutana, fundi amechonga samaki wawili, mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini. "Hakuna mwingine kama huo," alisema, kisha akageukia ukutani.

Basi tukaingia. Sijui niseme nini, vile vichochoro vilinilevya. Unapinda kulia, ukuta. Unapinda kushoto, duka la vinyago. Juu kanga zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, chini paka amelala katikati ya njia wala hasogei. Mimi niliyezoea bahari iliyo wazi, nikawa nageukageuka kama mtoto wa skukuu. Simu nilishika mwenyewe. Picha za mwanzo zote zilitoka kidole changu. Wifi alicheka mpaka akakaa kwenye baraza ya watu.

Mlango wa kwanza mzuri tuliouona ulikuwa na misumari ya shaba minene kama vikombe vya kahawa. Wifi akanipokonya simu, akaiinua. Nikamshika mkono.

"Nyumba ya watu hii. Hujapiga hodi."

"Napiga picha, siingii."

"Unachukua sura ya nyumba ya mtu bila ya ruhusa yake? Nyumbani kwenu hukufunzwa?"

"Nyumbani kwetu ndiko ulikoolewa, wifi."

Nikapiga hodi. Wakaitikia karibu. Na mtu akishakwambia karibu utamjibu nini, kwamba ulitaka ubao tu? Tukaingia, tukanywa kahawa, tukatoka, tukapiga picha. Mlango wa pili vivyo hivyo, tukalishwa haluwa. Wa tatu ulikuwa wa hoteli. Kijana aliyevaa tai akatuitikia kwa Kizungu. Nikamwambia, "Itikia kama ulivyofunzwa kwenu." Akacheka, akasema, "Karibuni, bibi zangu. Shikamooni." Hapo nikamwitikia marahaba.

Nyuma yetu lilikuja kundi la wazungu na mtu wa kuwatembeza. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kofia ya ukili, alisimama akatutazama sana. Kisha akausogelea mlango uliofuata, akaita, "Hodiii!" kwa sauti ya kuimba. Dirishani juu mtu akajibu, "Karibu!" Wenzake wakapiga makofi. Yule mwenye kuwatembeza akanikata jicho.

"Bibi, umeniharibia kazi. Sasa kila nyumba watataka kuingia."

"Waache waingie. Wewe unaogopa nini?"

Jua lilikuwa la adhuhuri tulipoupata msikiti usio na mnara. Tukazunguka nyuma, na hapo nikasimama. Nyumba ilikuwa imelala chini, mawe na boriti, mpapai umeshaota juu yake. Wifi akavua miwani. Mimi nilikuwa nafikiri nitaingiaje chumbani kwa dada yangu, na nitaanza na neno gani.

Wifi akanigusa. "Wifi, hii si nyuma ya msikiti. Hii iko ubavuni. Tazama ile ya pili."

Ile ya pili ilikuwa imesimama, imeegemezwa magogo ubavuni, lakini imesimama. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, mbao zote mbili zimesukumwa ndani kizani, nje pazia tu. Samaki hawaonekani. Nikapiga hodi.

Alitoka bibi wa makamo yetu, kanga kiunoni, mwiko mkononi, akatukaribisha ndani. Nikamweleza yote, dada, nyonga, fundi aliyechonga samaki.

"Samaki wapo," akasema. "Wako nyuma ya baskeli."

Kweli, baskeli ya mumewe ilikuwa imeegemezwa juu yao. Nikapiga picha pale pale ukumbini, ikatoka nyeusi kama kitako cha sufuria. Na dada yangu namjua, asingeamini mpaka auone mlango mahali pake na ukuta juu yake. Nikasema, "Bi mkubwa, nakuomba tutoke nje, wewe utufungie mlango tupige picha."

Akanitazama kama nimemtukania mamake.

"Nikufungie mlango usoni? Mgeni umepiga hodi nikakwambia karibu, halafu nikufungie? Majirani wakiniona?"

"Mwenyewe nimekuomba."

"Hata ukiniomba kwa magoti. Kaeni, mnywe ukwaju."

Tukanywa ukwaju. Tukaaga, nikidhani tukitoka atafunga. Akatusindikiza mpaka kizingitini. Tulipofika mbali kidogo tukageuka, amesimama, mlango wazi, anatupungia mkono. Tukapinda kona, tukachungulia. Bado.

"Funga basi!" nikamwita.

"Sifungi mpaka mpotee machoni!"

"Tukipotea machoni tutapigaje picha?"

Wifi ndiye aliyepata akili. "Toka na wewe," akamwambia. "Tukiwa sote nje, atakuwa amefungiwa nani?"

Yule bibi akafikiri, akaanza kucheka. Akaiondoa baskeli, akajitia mtandio mzuri maana na yeye alitaka kuingia kwenye picha, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Kitasa kikalia ka! Samaki hao, mmoja juu, mmoja chini, na bibi kasimama kando yao kama bibi harusi. Safari hii kidole changu kilikaa mbali. Nikapiga, nikapiga tena.

"Shoga," akasema bado anatabasamu kwa picha, "ufunguo uko ndani. Na wali uko motoni."

Tukaanza kugonga sisi watatu. Mumewe alikuwa amelala usingizi wa mchana. Baada ya muda sauti ikatoka ndani, "Nani?"

"Sisi!"

"Sisi nani?"

"Mkeo!"

"Mke wangu yuko jikoni anapika. Nendeni zenu."

Mimi si mtu wa kuchekacheka, wanangu wanajua. Siku ile nilikaa chini kwenye baraza nikashika mbavu, buibui limenipinda, machozi yananitoka, na harufu ya wali unaoungua inatujia. Mzee alipofungua, na msuli wake kiunoni, alitutazama mmoja mmoja, kisha akageuka kutazama jikoni, kama ambaye bado hajaamini. Wali tukaula na ukoko wake.

Asubuhi yake nilikuwa kitandani kwa dada. Akaileta simu karibu na pua.

"Huyu nani?"

"Mwenye nyumba."

"Asogee, ananizibia." Kisha akasema taratibu, "Wapo." Akawagusa, picha ikaruka, kikaja kidole changu. Nikamrudishia. Akatazama mpaka nikachoka kusimama.

"Na kisima cha ndani je? Bado kipo?"

"Sikutazama."

"Umeingia, umekunywa, umekula, hukutazama kisima?"

"Sikwenda kwa ajili ya kisima."

"Wewe tangu utotoni hujui kutazama. Nipe bakora. Na viatu. Si hivyo, vile vya kutokea."

Aliteremsha miguu. Ule mbaya ulitetemeka kama wa mtoto. Nikampa mkono, akaukataa, akataka bega. Tukatoka chumbani polepole, ananifokea njia nzima habari ya kisima, kilikuwa na maji matamu namna gani, kamba yake ilining'inia wapi. Tulifika jikoni. Akasema atapumzika kidogo, kisha tuanze tena, na mimi nisiende mbali.