Mama Getini kwa Padri

Mimi ni fundi simu mjini Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu, na kama mafundi wengi nina hasira za karibu na mteja anayeniambia simu imeharibika yenyewe. Mteja huyo akiwa mama yangu mzazi, hasira zinakuwa za karibu zaidi. Nalisema mapema ili mtu asinidhanie wema nisiokuwa nao.

Mama anaishi Matombo, bondeni kabisa katikati ya milima, mahali ambapo laini ya simu inatosha kwa sauti tu, tena ya kukatikakatika. Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, yuko Dar es Salaam kwa binti yake. Alipata kiharusi. Akili iko vilevile, ila maneno hayatoki, kwa hiyo kumpigia simu ya kawaida ni kusikiliza pumzi. Lazima muonane. Padri wa misheni alilijua hilo, akamruhusu mama atumie Wi-Fi ya nyumba ya mapadri kila Jumapili baada ya misa. Hapo mama anaongea, na dada yake anacheka, anashangaa na kununa, yote kwa uso. Kwao wamebaki wao wawili. Mama aliwahi kuniambia anaogopa dada yake asije akadhani ametupwa, maana hataweza hata kuuliza.

Basi baada ya Pasaka mama akashuka mjini, akashinda dukani kwangu. Pale ukifungua orodha ya Wi-Fi unakutana na gesti, baa, ofisi za mabasi na wapangaji wa ghorofani, wote kwa pamoja. Simu ya mama ilikuwa inahangaika nao, inashika huu, inauachia, inashika ule. Mama mwenyewe alikuwa anapitisha kidole kwenye majina akiniuliza langu ni lipi. Nikaichukua. Nikafuta majina ya zamani, nikakuza maandishi, halafu nikaingia ndani kwenye mipangilio nikaiamuru simu isionyeshe kabisa mtandao dhaifu. Orodha ikabaki na majina matatu, makubwa, yanayosomeka bila miwani. Nilijisifu mbele ya wateja kwa kazi ile.

Jumapili iliyofuata mama akanipigia: simu haiuoni tena mtandao wa padri. Nikamwambia aizime na kuiwasha. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nisingeitumia kwa mteja anayelipa, kama amebonyeza asipotakiwa kubonyeza. Akasema hajagusa kitu. Nikamuuliza kama anakaa karibu na nyumba. Akasema anakaa palepale anapokaa siku zote, na mimi sikuuliza palepale ni wapi. Jumapili ya tatu nikamgombeza kabisa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema basi, kazi njema.

Huo upole ndio uliopandisha pikipiki yangu milimani wiki iliyofuata.

Tulitoka misani pamoja, tukaenda hadi nyumba ya mapadri. Geti lilikuwa wazi, na barazani kulikuwa na benchi. Mama akasimama nje ya geti, akapiga hodi. Kimya. Padri alikuwa ameshaondoka kwenda kusalisha kigangoni, na mpishi yuko jikoni nyuma na redio yake. Mama akapiga hodi ya pili, kisha ya tatu, halafu akaegemea nguzo ya geti, akatoa simu kwenye mkoba na kuanza kutafuta. Nikamwambia aingie akae, si padri mwenyewe ameshamruhusu?

"Ameniruhusu mtandao," akasema mama. "Nyumbani kwake naingia nikikaribishwa."

Nilimpokea simu nikiwa nimeshaelewa. Kutoka pale getini hadi kwenye kile kisanduku cha Wi-Fi ndani ya nyumba kulikuwa na bustani nzima na kuta mbili. Mtandao ulikuwa unafika pale umechoka, mstari mmoja tu, na kwa mstari huo mmoja mama alikuwa akimwona dada yake kila Jumapili. Simu haikuwa mbovu. Iliuona mtandao ule na kumficha mama asiuone, kwa amri yangu. Niliona aibu, na nikamweleza mama palepale nilichokifanya. Kuirekebisha hakukuchukua hata dakika. Jina likatokea chini kabisa ya orodha.

Binti ya mama mkubwa alipokea, akatwambia kwamba Jumapili zote hizo mama yake alitaka avalishwe kitenge kizuri na kuwekwa mbele ya simu, na hakukubali kuondolewa mpaka chakula cha mchana. Kisha akamgeuzia kioo.

"Shikamoo dada," mama akasema.

Mama mkubwa alimtazama, halafu akageuza uso ukutani.

Mama akaisogeza simu karibu na uso. "Nisamehe dada. Mimi ndiye niliyekosea kuibonyeza hii simu."

Alikuwa anajua ukweli wote, nimetoka kumwambia. Sikuweza kuvumilia. Niliichukua simu mkononi mwake.

"Shikamoo mama mkubwa. Mama hajakosea kitu. Mimi ndiye niliyeiharibu simu yake, halafu nikamgombeza yeye."

Picha ikaganda. Iliporudi, uso ulikuwa umegeuka taratibu kutoka ukutani na ulikuwa unanitazama mimi, bila huruma hata kidogo. Midomo ikahangaika. Kisha akainua mkono wake ulio mzima, akaupunga kama anayefukuza kuku kwenye mpunga.

Binti yake akacheka nyuma ya simu. "Anasema utoke hapo. Anataka kumwona mdogo wake."

Nikamrudishia mama simu.