Nguzo Katika Msitu wa Mama

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoulizwa swali jepesi nikalijibu kwa uongo. Ilikuwa wakati wa Mjerumani, nami kijana, mkalimani katika shamba la kahawa huku kwetu Uluguru, upande wa Matombo.

Mwenye shamba alitaka umeme. Juu mlimani, penye maporomoko, alikwisha kufunga mtambo unaozungushwa na maji, lakini mashine za kukoboa kahawa zilikuwa chini kabisa, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Akanieleza kwamba waya ukizidi urefu nguvu hupotea njiani, kwa hiyo nguzo lazima zishuke moja kwa moja, zisizunguke. Tukapanda kupima njia. Katikati tukafika kwenye msitu mdogo wenye kivuli kizito.

"Hapa pana nini?" akaniuliza.

Mwanangu, palikuwa na makaburi ya ukoo wa mama yangu. Bibi yangu alilala pale, na mama alikwisha kunionyesha mahali pake mwenyewe, ubavuni mwa mama yake. Nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa nimevaa koti alilonipa yule Bwana, na nilipenda anavyonisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi si mtu wa visingizio.

"Hapana kitu, Bwana," nikasema. "Ni pori tu."

Kesho yake mashoka yakaingia. Mama alisikia miti ikianguka akiwa kwenye migomba yake, ng'ambo ya bonde. Alipofika, nguzo ilikwisha kusimikwa, na udongo wa shimo umemwagwa juu ya kaburi la bibi. Alipiga magoti akaanza kuuzoa kwa mikono. Niliposogea kumsaidia akasema, "Wewe acha."

Nikaenda kwa mjomba, kaka yake mama, mkubwa wa ukoo wetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniacha nimesimama hata nikakiri nilivyomjibu Bwana.

"Mjomba, yule Mzungu asingesikia," nikajitetea. "Angepitisha tu."

"Labda angepitisha," akasema taratibu. "Lakini tungejua kwamba ulisema."

Nikatoka na maneno hayo. Hata leo ninayo.

Mama aliendelea kunipikia na kuitikia salamu zangu, ila hakuniambia tena jambo la moyoni mwake. Nami nikawa naahirisha kumwomba radhi, nikingoja siku atakayokuwa na furaha. Alifariki kabla sijaipata. Wazee wakakataa kumzika chini ya waya, tukamlaza peke yake ng'ambo ya mto, mbali na mama yake. Haukupita muda vita vikaja, mwenye shamba akakimbia, askari wakakata nyaya wakaenda nazo. Msitu ule umeanza kuota tena. Mama bado yuko ng'ambo.

Basi mwanangu, nawe utaajiriwa, na siku moja mkubwa wako atakuuliza habari za watu wako. Mwambie unachojua, hata sauti ikitetemeka, hata ukiona wazi kwamba hatasikia. Usijipe wewe jibu ambalo yeye hajalitoa. Na kama kuna uliyemkosea, mwendee leo, angali amekasirika.

Mungu akujalie umri mrefu, akukinge na aibu niliyoibeba mimi, na wazazi wako wafurahi kila wakisikia hatua zako mlangoni.