Mistari Ishirini na Miwili

Siku ya kwanza kazini nilifika Kista dakika hamsini kabla ya wakati, nikalizunguka ghala la vifaa mara tatu ili nisionekane nimesimama bure. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kusomea utunzaji wa bustani, masomo yakanishinda kwa sababu ya lugha, nikapata kazi katika kampuni ndogo iliyokodiwa kutunza bustani za umma huku na huku Stockholm. Msimamizi, Mswidi mrefu mwenye mgongo mbovu, alipofungua mlango alitazama viatu vyangu, kisha saa yake.

"Hapa tukisema saa moja ni saa moja," alisema. "Ukija mapema hivi unatuaibisha sisi wengine."

Nilidhani ananifukuza. Nikaomba radhi, nikarudi nje kusubiri kwenye baridi. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anatania, na kwamba alinichungulia dirishani kwa dakika zote zilizobaki bila kujua afanye nini na mtu wa namna hiyo.

Ninaandika haya kwa ajili yenu wadogo zangu mnaofika sasa, mnaoniuliza kazi ya mashine ilikuwaje. Najua kustaafu ni neno la wazee. Mimi niliiacha kazi hiyo nikiwa na miaka ishirini na tisa tu, lakini niliiacha kabisa, na sina neno jingine.

Mashine yenyewe ni ya kutafuta metali ardhini. Ina fimbo, sahani ya duara kwenye ncha, betri, na spika za kuvaa masikioni. Kabla ya nyasi kukatwa, mtu mmoja hutangulia nayo kuondoa misumari, vigingi vya mahema na vifuniko vya chupa, ili visivunje visu vya mashine ya kukatia nyasi wala kuchoma miguu ya watoto wanaocheza peku. Mtu huyo alikuwa Mzee Kizito, Mganda aliyekimbia kwao zamani, akaishi Nairobi miaka kadhaa, ndiko alikojifunzia Kiswahili chake. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, hakusikia tena milio myembamba, kwa hiyo Msimamizi akaagiza anifundishe mimi.

"Unasikia nini, nyabo?" aliniuliza siku hiyo ya kwanza. Nyabo ni "mama" kwa Kiganda, neno la heshima. Aliniita hivyo tangu mwanzo, ingawa ningeweza kuwa binti yake.

"Kelele, Mzee."

"Kelele ziko sokoni. Sikiliza tena."

Alinifundisha kwamba chuma hukoroma na fedha huimba. "Kifuniko cha bia kinajifanya fedha," alisema, "kama wakubwa fulani ninaowajua." Akamtazama Msimamizi, ambaye hakujua Kiswahili, naye akatabasamu kwa adabu.

Alinifundisha pia kukata nyasi. Huchimbi shimo ovyo. Unakata pande tatu kwa kisu, unaacha upande wa nne kama bawaba, unafunua kipande cha nyasi na udongo wake kama kifuniko cha sanduku. Ukishatoa kitu unafunika, unakanyaga mara mbili kwa kisigino. Mtu akipita baada ya dakika moja asijue kwamba uliwahi kuwepo. Na sheria kubwa kuliko zote: unatandaza kamba mbili, unatembea katikati yake ukipeleka sahani kushoto na kulia, kisha unahamisha kamba. Huo ndio mstari. "Usiruke mstari," alisema. "Mstari utakaouruka ndio utakaokucheka."

Hakuhitaji kuniambia mara mbili. Mimi ni mtu ambaye hurudi kutoka kituoni kuhakikisha nimefunga mlango, kisha hurudi tena. Mengine nilijifundisha mwenyewe. Nyumbani Hallonbergen nilijaza udongo kwenye kreti roshani, nikafukia humo sarafu za kila aina, hata zile senti za chuma ambazo Waswidi walizitengeneza wakati wa vita, nikafumba macho na kujipima. Nilikuwa na daftari la milio. Jirani aliniuliza viazi vyangu vitaota lini.

Tulipelekwa Flemingsberg, kwenye nyasi za jirani na hospitali kubwa, tukarudi Kista, halafu tukapewa bustani ya Hallonbergen, mteremko ulio katikati ya majengo ya ghorofa. Msimamizi alikuwa na desturi moja ya kiungwana. "Kabla ya saa moja ardhi ni yenu," alituambia. Basi alfajiri, kabla ya kazi, mimi na Mzee tulitafuta sarafu. Zilizokuwa zikitumika tulizitia kwenye kopo la kahawa ya wote. Za zamani tulizisafisha kwa mate na kidole gumba, tukabishana kuhusu sura ya mfalme. Hata baada ya kustaafu, Mzee aliendelea kuja asubuhi hizo. Mimi nilibeba mashine, yeye alibeba kisu. Ninaposema nilikuwa na furaha Uswidi, huwa ninakumbuka saa hiyo moja.

Shingoni Mzee alivaa sarafu yake mwenyewe, senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ya shaba, yenye tundu katikati. Mama yake aliitumia kufungia ufunguo wa nyumba. Siku alipokimbia, mama aliufungua ufunguo kwenye uzi, akampa mwanawe sarafu. "Ufunguo unabaki na mimi," alimwambia. "Utakaporudi nitaufunga tena hapo." Sasa vita vya kwao vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa wanarudi kuwaona wazee wao, na Mzee alikuwa ameanza kuulizia tiketi. Mama yake alikuwa hai bado, mkongwe sana.

Asubuhi moja mwishoni mwa Agosti tulikuwa tumechimba mashimo mengi kwenye mteremko ule. Tulipokaa kunywa chai alipapasa kifua, akasimama. Uzi ulikuwapo, umekatika. Sarafu haikuwapo.

Nilielewa kabla yake. Alikuwa ameinama juu ya mashimo asubuhi nzima. Sarafu ilikuwa imeangukia katika shimo mojawapo, naye akalifunika, akakanyaga mara mbili kwa kisigino. Tulitazama nyasi. Hapakuwa na alama hata moja. Tulikuwa tumefanya kazi safi.

"Anzia kwenye benchi," alisema. "Pale ndipo nilipoinama sana."

Sasa naomba mnielewe, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Benchi lilikuwa sehemu ya chini ya mteremko. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuichora bustani kwenye daftari, mistari ishirini na miwili kutoka juu hadi barabarani, na benchi liliangukia mstari wa kumi na saba.

"Tutafika, Mzee," nilisema. "Tukianza kurukaruka hatutajua tulipopita."

"Nyabo, mimi ndiye niliyekufundisha hayo."

"Ndiyo maana sitaki kuyaharibu."

Alicheka kidogo. Akakubali. Nadhani alijivunia mwanafunzi wake, na hilo linaniuma kuliko kama angekasirika.

Nilifanya mstari mmoja kila asubuhi, kwenda na kurudi, maana kwenda peke yake hakukunitosha. Siku za mvua kubwa sikufanya, kwa sababu udongo ukilowa milio hubadilika na nisingeiamini. Mstari wa tano niliurudia wote kwa sababu betri ilikuwa dhaifu mwishoni. Nilipata sarafu nyingi siku hizo kuliko wakati wowote, hata krona ya fedha, na sikuifurahia.

Katikati ya Septemba Mzee alikuja na binti yake Miriam, aliyekuwa akisomea uuguzi Flemingsberg. Mzee alisema amepata nafasi kwenye ndege ya wiki inayofuata.

"Umefika wapi?"

"Wa tisa."

"Basi nitakwenda bila hiyo. Mama atanisamehe."

"Usiende mikono mitupu, Mzee," nilisema. "Nipe wiki mbili. Iko hapa, haijatoka. Nimalizie mistari."

Miriam akamwambia baba yake jambo kwa Kiswidi, haraka, akidhani labda sitafuata. Nilifuata. Alisema, "Baba, ni sarafu tu. Bibi anakusubiri wewe."

"Sema Kiswahili, dada yako asikie," Mzee akamjibu.

"Anasikia," Miriam alisema, kwa Kiswidi bado, akinitazama mimi.

Mzee akasimama akigusa kifua mahali pasipo na kitu. Kisha akasema, "Wiki mbili." Aliniamini kwa sababu nilizungumza kama mtu mwenye hakika. Sikuwa na hakika. Nilitaka tu asiondoke kabla sijamaliza kitu nilichokianza vizuri.

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Nikapata mafua. Siku ya mstari wa kumi na tano Miriam alishuka mteremko peke yake, bila kofia, katika baridi. Nilivua spika masikioni.

"Bibi amefariki," alisema. Safari hii alisema kwa Kiswahili. "Baba anaondoka kesho. Watakuwa wameshazika."

Nilimwambia poleni. Nikamwambia nimebakiza mistari saba. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Hata leo nikiwa kwenye treni, maneno hayo hunirudia, nami huangalia chini, kana kwamba abiria wamenisikia.

Miriam hakunitukana. Alitazama kamba zangu mbili zilizonyooka, akasema, "Zimenyooka sana," akaondoka.

Kesho yake, Mzee akiwa njiani, nilifanya mstari wa kumi na sita. Siku iliyofuata, wa kumi na saba. Hatua mbili kutoka kwenye benchi mashine iliimba mlio mzito, wa duara, ambao haukuwamo kwenye daftari langu. Nilikata pande tatu, nikafunua. Sarafu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya udongo, hata haijazama. Ingenichukua dakika kumi ile asubuhi ya kwanza, na chai isingepoa.

Nilifunika shimo, nikakanyaga. Halafu, Mungu anisamehe, niliendelea na mistari mitano iliyobaki, kila asubuhi mmoja, mpaka barabarani. Msimamizi aliniona asubuhi ya mwisho.

"Bado unatafuta?" aliuliza.

"Nimeshapata."

"Katika kazi hii nimeona wavivu wengi," alisema, "nikawajulia dawa. Wewe sikujulii." Aliniwekea mkono begani kisha akauondoa upesi, kama Waswidi wa rika lake, akaenda kuchemsha kahawa.

Mzee alirudi theluji ilipokuwa imetanda. Nilimpelekea sarafu nyumbani kwake, imefungwa katika kitambaa, imesafishwa. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Uzi mpya ulikuwa tayari shingoni mwake, na kwenye uzi huo ulining'inia ufunguo. Ndugu zake walikuwa wameukuta kwenye kidole cha mama.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nilifanya mazoezi njia nzima kutoka kituoni.

"Mstari wa ishirini na mbili," nilisema. "Mwisho kabisa, kule barabarani."

Alinitazama kwa muda mrefu. Miriam alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Kule," alisema Mzee polepole, "mimi sikuwahi kukanyaga."

Akavua uzi, akaingiza sarafu karibu na ufunguo, akafunga fundo. Akasema, "Miriam, mpe dada yako chai, amekuja kwa miguu." Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye.

Nilifanya kazi ya mashine mwaka mmoja zaidi, nikaiacha. Niliwaambia watu ni magoti. Magoti yangu ni mazima. Kilichonishinda ni kwamba kila nilipotandaza kamba nilimwona mtu amesimama pembeni, akingoja nimalize. Siku hizi nafanya usafi kwenye ofisi za Kista, na ninajifunza kuacha dawati moja bila kulipangusa mara ya pili. Siku nyingine ninaweza.

Mkiniuliza kazi ile ilinifundisha nini, najua mnategemea niseme uvumilivu. Uvumilivu nilikuwa nao mwingi, lakini muda nilioutumia ulikuwa wa mtu mwingine. Mistari ni mizuri mnapotafuta msichokijua kilipo. Mtu akikuonyesha kwa kidole mahali alipoinama, achana na kamba, anzia hapo.

Mzee Kizito amehamia kwao moja kwa moja. Anaishi katika nyumba ile. Nitampelekea karatasi hizi kwa mkono wa Miriam, anayesafiri mwezi ujao, kwa sababu kuna jibu ambalo bado sijampa.

Mzee, ilikuwa kwenye benchi.