Mkono wa Nadine

Siku ile haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na sehemu yake moja bado inanichanganya. Nilikuwa mama kijana, nakaanga maandazi sokoni Kikula, mbele ya duka la sahani la Mama Lin, Mchina aliyekuwa na sanamu ndogo ya Buddha juu ya kabati. Binti yangu Nadine, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, akavuta karai. Mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake.

Na mimi nikafanya nini? Nikajitupa chini, nikagaagaa vumbini kama tunavyofanya kwenye matanga. Nikalia, "Minye, mimi huyu, mama mubaya! Heri nikufe!" Wanawake wa soko wakanizunguka, huyu ananishika mabega, yule ananipepea kwa kitenge. Nadine akabaki nyuma ya migongo yao, analia peke yake. Mama Lin ndiye aliyeniruka pale chini, akautia mkono wa mtoto kwenye ndoo ya maji.

Tulipotoka zahanati akaniambia, "Mama Nadine, weye unajipenda mubaya."

Nilikasirika sana. "Kujipenda? Minye najichukia!"

"Minye, minye," akasema akiniigiza. "Na mutoto?"

Nikachanganyikiwa kabisa. Mtu anajichukia, halafu anaambiwa anajipenda? Kanisani tulifundishwa kujipiga kifua tukitubu, nami nilidhani anayejipiga zaidi ndiye mnyenyekevu zaidi. Mama Lin akanieleza kwamba katika mafundisho ya Buddha mtu huanza kwa kujitakia heri mwenyewe, halafu humtakia mtoto wake, jirani, hata adui. Anayejisifu na anayejilaani wote wamekwama pale mwanzoni, wanajitazama. Nikamuuliza, sasa nitajuaje kama ninajihurumia au ninajipenda tu? Akacheka.

"Angalia mikono yako. Iko inashika nani?"

Sikufichi, mwanangu, si yote niliyoyaelewa. Nadine sasa naye ni mama, na kila akinipa sahani naliona lile kovu la mkononi, namkumbuka Mama Lin.

Basi ukikosea, usijitukane. Jihurumie upesi, kama ambavyo ungemhurumia rafiki, ili mikono yako iwe huru kumshika aliyeumia. Mungu akujalie moyo usiojifanyia ukali. Na siku watu watakapokuzunguka wakikupepea, akuonyeshe mtoto anayelia nyuma yao.