Kaburi la "mtu wa boma": safari yangu ya viwanja vya vita na gari lenye vitanda, Mbeya hadi Iringa

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mpo. Siku hizi nikiingia humu naona kama mimi ndiye babu wa jukwaa zima. Wengine wote, marahaba.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Mimi nasema, mjukuu wangu Rehema anachapa, na nimemkataza kunogesha. Akimaliza ananisomea, kwa hiyo akitia chumvi nitamkamata.

Kilichonichokoza ni uzi mmoja humu wa vijana waliokodi gari lenye vitanda na jiko, wakatembea nalo Mbeya mpaka Iringa, wakaandika eti hiyo ndiyo road trip ya kwanza ya aina yake Nyanda za Juu Kusini. Wadogo zangu, hongereni, picha ni nzuri. Ila mimi niliendesha gari la namna hiyo miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na nilipofika nyumbani sikutaka hata kuona usukani.

Twende taratibu.

Wakati huo nilikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Mbalizi. Mwingereza, mzee, goti moja bovu. Ujanani alikuwa ofisa kwenye vita vya kwanza, vile vya Mwingereza na Mjerumani, na alipigana huku huku kwetu. Shamba lilipomchosha akaamua kurudi Ulaya, lakini kabla ya kuondoka akataka kupita kila mahali alipopigana na kila mahali aliposikia palipiganwa, hata vile vita vya Wahehe na Mjerumani vya zamani zaidi.

Hakutaka kulala nyumba za wageni. Akachukua lori lake, fundi akalijengea chumba cha mbao mgongoni. Vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la mafuta ya taa, beseni la kunawia, pazia la maua. Yeye na memsahibu wake walikaa kule nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa dereva, mpishi, mkalimani, na wa kusukuma likikwama. Kitanda changu ni kiti cha mbele, miguu nje ya dirisha. Na baridi ya Makambako mnaijua.

Watu wa Chimala walipoliona walitoka majumbani. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama wazungu wangu wamefukuzwa kwao.

Sasa niwaambie kuhusu viwanja vya vita, maana naona vijana mnavipenda kwenye filamu. Uwanja wa vita ni nyasi. Unaendesha kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi, mgongo unauma, rejeta inachemka, unafika, unakuta nyasi. Pengine na ng'ombe.

Mzee anashuka na fimbo yake, anaangalia kilima, anaangalia ramani, ananituma nikaulize wenyeji. Wenyeji wanasema ndiyo, wazee walisema watu walikufa hapa. Mzee anavua kofia. Memsahibu anachora picha. Mimi natafuta maji ya rejeta.

Tulianza Utengule, juu ya Mbalizi. Nyasi. Tukaenda mbele, tukachepuka, tukarudi, tukachepuka tena. Nyasi, mawe, nyasi. Kama angejua anachotafuta ningemsaidia kutafuta.

Lakini mimi nilikuwa na langu, na kwa ajili hiyo nilikubali safari wakati madereva wengine walikataa.

Kwetu ni Mlandege, Iringa mjini. Wazee wangu walitoka pwani na misafara, wakabaki. Bibi yangu mzaa baba, Mwanaidi, aliolewa akiwa binti mdogo na babu yangu Athumani, mshona kanzu. Baba yangu alikuwa bado ananyonya vita vilipofika. Askari wa Mjerumani wakapita mitaani wakazoa wanaume wa kubeba mizigo kwenda kusini. Babu alichukuliwa huku sindano bado ameichomeka kwenye kola.

Hakurudi. Wala hakuna aliyerudi kusema amefia wapi.

Wasio Waislamu mnisikilize hapa, maana ndiyo roho ya uzi huu. Kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Anatulia ndani, hajipambi. Eda ikiisha anatoka, na akipenda anaolewa. Bibi yangu hakukaa eda, kwa sababu hakuna aliyemletea msiba. Na kwa kuwa hakufiwa, hakuolewa.

Watu walimposa. Mmoja alikuwa mwenye duka, mtu mwema, alirudi kuposa mara ya pili na ya tatu. Ndugu wakamshauri bibi aende kwa kadhi avunje ndoa, sheria inaruhusu. Jibu lake nilikuwa nalijua kwa moyo: "Mtu hajaniacha, na sijaambiwa amekufa. Nikamshitaki kwa kosa gani?"

Basi akakaa hivyo. Si mjane, si mke. Mimi nimekua namwona akipika wali, akiweka kando sahani moja, halafu jioni anawapa paka. Niliapa kwamba nikipata nafasi ya kupita njia ile ya kusini nitauliza, ili angalau aambiwe neno moja akiwa hai.

Kwa hiyo kila mara mzee wa kizungu aliponituma nikamwulizie vita vyake, mimi niliongeza swali langu. Je, mnajua kaburi la mpagazi wa Mjerumani, Mwislamu, mtu wa mjini? Kila kijiji waliniambia hapana. Wapagazi walikufa wengi, wakasema, nani angewahesabu.

Hata nikachoka kuuliza. Kuna asubuhi nilikuwa nauliza huku nimeshageuka kurudi kwenye gari.

Tukafika upande wa Malangali.

Hapo mzee alichangamka, kwa sababu hapo yeye mwenyewe alipigana. Alikuwa upande mmoja wa bonde, Mjerumani upande wa pili. Akanionyesha kwa fimbo. Nikaangalia ule upande wa pili nikawaza kwamba kama babu alifika huku, basi alikuwa kule, amejitwisha risasi za kumpigia huyu bwana ninayempikia uji.

Wenyeji wakatuambia hakuna makaburi mengine isipokuwa moja, kule karibu na kijito. Kaburi la mtu wa boma.

Mzee aliposikia "boma" macho yakamwaka. Mtu wa boma maana yake ni mtu wa serikali, ofisa, labda Mjerumani mkubwa! Akamwita mkewe aje na vifaa vya kuchora. Tukashuka mpaka kijitoni, yeye na goti lake, anahema, anacheka peke yake.

Tukakuta kijilima cha mawe, kifupi, kimeota nyasi. Kando yake bibi mmoja mwenyeji alikuwa analima shamba lake la mahindi. Nikamsalimu kwa Kihehe, kamwene, akaitika kamwene, kisha akanigeuzia Kiswahili aliposikia lafudhi yangu. Akaniuliza natoka wapi.

Nikamwambia, mimi kwetu Iringa.

Akaacha jembe. Akanitazama muda mrefu, nikadhani nimemkosea adabu.

"Unasema kama yeye," akasema. "Yeye alikuwa anasema hivyo hivyo. Mimi kwetu Iringa, mimi kwetu Iringa. Sisi wakati ule tulisikia lilinga. Lilinga kwetu ni boma, ile ya ukuta ya vita. Basi watu wakasema, huyu ni mtu ya boma. Jina ikabaki."

Wakuu, mnanielewa? Ni jina la mji tu. Mji wetu wenyewe umepata jina lake kwenye neno hilo hilo la Kihehe, lilinga, ngome. Mswahili anataja kwao, Mhehe anasikia ngome. Miaka yote ile mpagazi amelala pale na cheo cha boma, na mimi nimepita nauliza mpagazi.

Nikamwomba anieleze kila anachokumbuka. Nikakaa chini kabisa.

Alikuwa binti mdogo, akasema. Vita vilipohama, wapagazi waliachwa njiani wanaumwa tumbo la damu. Huyu alilala kwenye banda la baba yake siku chache. Alipokufa wenzake wawili ndio waliomzika. Walikuwa wamechoka, hawajala, lakini walipomaliza kuchimba shimo wakaingia tena ndani wakachimba shimo lingine dogo ubavuni, wakamlaza humo kwa ubavu, wakaziba kwa miti, ndipo wakafukia. Watu wa kijiji walishangaa sana. Baba yake alisema huyu lazima alikuwa mkubwa, ndiyo maana amechimbiwa chumba.

Mwanandani, wakuu. Walimchimbia mwanandani. Watu wawili wenye njaa, hata majina yao siyajui. Mungu awarehemu popote walipo.

Nikauliza kama alitaja jina lolote. Yule bibi akasema jina lake hawakulijua, ila usiku alikuwa anaita maneno ya dua. Dua gani? Akasema ilikuwa fupi, anairudia. "Naidi. Naidi. Tulifikiri ndiyo Mungu wenu."

Rehema hapa ameacha kuchapa. Endelea, mama.

Naidi ndivyo babu alivyomwita Mwanaidi. Nyumbani Mlandege dada zake bibi walikuwa bado wanamwita hivyo. Hakuna mtu mwingine kule kijijini ambaye angeweza kulijua jina hilo.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia mbele ya wazungu na mbele ya yule mama, na yule mama akanishika bega.

Mzee wa kizungu akataka kujua kulikoni. Nikamfasiria. Nikamwona uso unavyoshuka, kama mtu aliyepewa soda ya moto.

"Kumbe hii mpagazi tu," akasema, kwa Kiswahili chao kile. "Basi. Kwenda. Jua inaanguka."

Nikamwambia bwana mkubwa, siendi.

Akarudia kwamba twende. Nikamwambia ufunguo wa gari huu hapa, kama goti lake linaweza kukanyaga klachi aende, mimi nina maziko. Nilikuwa kijana, kazi ya udereva ilikuwa dhahabu, na nilijua akinifukuza nitatembea kwa miguu mpaka Iringa. Lakini nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hofu haipati pa kukaa.

Nikaenda kutawadha kijitoni. Nikasoma Yasini yote ninayoijua kwa moyo, nikamsomea dua. Nikapanga upya mawe yaliyoanguka. Nilipogeuka memsahibu alikuwa amesimama kimya, amejifunika kichwa kwa kitambaa, na mzee amevua kofia. Sijui alikuwa anamvulia nani. Sikumwuliza, na hakunifukuza kazi.

Toka hapo tukashika njia ya Iringa. Mzee alikuwa bado anataka kuona Kalenga na Lugalo, kwenye vita vya Wahehe. Nikamwambia Mlandege kwanza.

Nikaegesha lile lori lenye pazia la maua mbele ya nyumba yetu. Watoto wa mtaa mzima wakajaa. Bibi alikuwa uani anachambua mchele.

Wakuu, hiyo sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu Malangali, na ilipofika ikatoka vipande vipande. Nikasema babu amepatikana. Nikasema alizikwa vizuri, kwenye mwanandani. Nikasema alikuwa anamwita yeye, Naidi, Naidi.

Hakulia. Aliweka ungo chini, akauliza ni lini. Nikamwambia ni mwaka ule ule aliochukuliwa, kabla baba hajaanza kutembea.

Akaitwa maalimu wa msikiti, mzee mpole, ili aeleze bibi aanze vipi eda yake. Maalimu akafikiri, akasema kwa huruma kwamba hana eda. Eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, hata kama mke hajui. Yake ilianza na ikaisha zamani sana, akiwa bado binti. Alikuwa huru miaka yote hiyo.

Nadhani kila mtu alimkumbuka yule mwenye duka, aliyekuwa ameshakufa wakati huo.

Bibi akasema, "Hiyo ya sheria imekwisha, maalimu, nimekusikia. Yangu mimi haijaanza."

Akavua bangili. Akavua vipuli vya masikio. Akaingia chumbani kwake, na maalimu hakumzuia. Akakaa miezi minne na siku kumi, hajakosa hata moja, na wanawake wa Mlandege wakaja kumpa pole kama vile msiba umetokea jana.

Nilirudi kumwona alipotoka. Ameoga, amevaa kanga mpya, tumekaa tunakunywa chai. Mama yangu akamimina maziwa, na bibi akasema tu, huku anapokea kikombe, "Marehemu mume wangu hakupenda chai ya maziwa."

Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia neno marehemu likitoka kinywani mwake kwa ajili ya babu. Akanywa chai yake, akaomba sukari.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anaweza kuvumilia kifo, lakini kutokujua kunamla mzima mzima. Kama una habari ya mtu wa wenzako, hata mbaya, hata ya zamani, usikae nayo. Wapelekee. Na ukifika kijiji cha watu usiulize tu unachokijua wewe, waulize wao wanakiitaje.

Vijana wa gari lenye vitanda, mkipita Malangali simameni kidogo.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna aliyeondoka na hakurudi, vita, migodi, Afrika Kusini, popote, andika jina lake hapo chini. Rehema atanisomea yote, moja moja.