Mita Moja, Majiko Manne

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa mkutano ule wa umeme, na hadi leo nikiukumbuka nachoka upya. Waliniita kwa sababu nilimaliza kidato cha nne Masasi na mwandiko wangu unasomeka. Hawakuniita kwa ajili ya mawazo yangu. Mawazo walikuja nayo yameshachapwa.

Kwetu Newala tunaishi wanawake wanne kwenye uwanja mmoja: mama, mama mdogo, dada yangu, na mimi na binti yangu. Nyumba nne, majiko manne, mita moja ya umeme. Mita ina jina la mjomba. Kwetu ndivyo ilivyo, mambo ya dada zake mtu ni mambo yake, na mwaka ule korosho zilipokubali aliwavutia umeme dada zake kabla hajajinunulia hata pikipiki. Mwenyewe haishi hapa. Alioa Chiungutwa akahamia ukweni, na huko anapikiwa kwa kuni. Kwa hiyo kwenye karatasi za watu wa umeme kuna mzee mmoja Newala anayepiga pasi nyumba nne, anayewasha taa kila chumba, na kila asubuhi anachemsha maji kama mwenye hoteli.

Mradi ulikuwa wa matumizi bora ya umeme. Nyumba itakayochaguliwa ingepewa balbu zisizokula umeme na jiko la presha la umeme, lile linaloivisha mbaazi upesi. Nililitaka, na sioni aibu kusema. Mbaazi kavu kwenye mkaa zinakula asubuhi nzima, na binti yangu, ambaye wakati ule hakuwa ametimiza miaka miwili, alikuwa analala mgongoni mwangu juu ya moshi uleule. Kifua kilikuwa kinambana kila wiki. Nesi wa kliniki akaniambia nimtoe mtoto kwenye moshi. Nikamwuliza nimweke wapi, maana mgongo ninao huu mmoja.

Mkutano waliuweka msimu wa kuokota korosho, watu wote wako mashambani, kwa hiyo mabenchi ya ofisi ya mtaa yalikuwa nusu tupu. Walikuja wageni wawili wa umeme na afisa mmoja wa halmashauri. Sijafungua hata kalamu, mtendaji wa mtaa akaniinamia na kuniambia kichwa cha habari kiwe “Mkutano Shirikishi”. Nikaandika.

Afisa akaeleza kwamba mita moja ni kaya moja, na kaya moja ni jiko moja. Waliozidi kutumia wataitwa watumiaji wakubwa, nao kwanza watapewa elimu ya kuzima vitu. Akasoma majina. La mjomba lilikuwa la pili.

Mama alianza kucheka. Mama mdogo hakucheka, akasimama na khanga yake kiunoni. “Huyo mtumiaji mkubwa yuko Chiungutwa anaokota korosho. Mkimkuta na pasi, na sisi mtuite tuje tumwone.”

Nikanyoosha mkono wenye kalamu. Nikawaambia kwamba hiyo mita ni nyumba nne, na hatuko peke yetu. Nusu ya mtaa wanaishi hivyo, dada na dada kwenye waya mmoja aliouvuta mjomba wao. Mjumbe yeyote wa hapa angewaambia, kama angeulizwa kabla orodha haijachapwa.

Mmoja wa wageni wa umeme alinisikiliza, sitamsingizia. Alimgeukia afisa akamwuliza kama siyo wao, halmashauri, walioombwa mapema walete orodha ya nyumba kutoka mitaani. Afisa akamtazama mtendaji. Mtendaji akasema ilitakiwa haraka, na watu wako mashambani, wakaona watumie orodha ya mita iliyopo. Yaani watu wa umeme waliomba kuambiwa sisi tunaishije, halmashauri ikauliza mtaa, na mtaa ukawarudishia orodha yao wenyewe. Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyeniunga mkono, maana soda zilikuwa zimeanza kugawiwa.

Baada ya wageni kuondoka mtendaji akataka muhtasari. Nilikuwa nimeandika: wananchi waliuliza kwa nini hawakuhesabiwa nyumba kwa nyumba, na swali halikujibiwa. Akaweka kidole pale.

“Mama, hii haiwezi kwenda mbele hivi.”

“Ndivyo ilivyosemwa.”

“Kusemwa imesemwa. Wewe andika wananchi waliridhia. Nami jina lako nitaliongeza kwenye orodha ya majiko, wewe peke yako, kabla sijapeleka.”

Mtoto akakohoa mgongoni. Sitadanganya, nililiona kichwani lile jiko limeshakaa kwangu. Halafu nikamwona dada yangu anapuliza mkaa ukuta wa pili, mimi nimefunga mlango ili asisikie jiko langu.

“Ongeza na wale watatu wa uwanjani kwetu,” nikamwambia, “nitaandika unachotaka.”

Akasema mimi ni mtu wa vurugu. Nikaacha daftari wazi juu ya meza, maneno yangu yakiwa vilevile, nikaenda nyumbani kuwasha mkaa. Baadaye nilisikia muhtasari uliandikwa upya na mtu mwingine, na wananchi waliridhia.

Msimu ulipokwisha jiko lilikuja, moja, pamoja na hiyo elimu ya kuzima vitu. Mjomba aliitwa na kitambulisho chake, akapigwa picha amelikumbatia, akaja nalo hadi kwetu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaliweka barazani katikati. “Mimi wa kwangu anapika kwa kuni,” akasema. “Wenye majiko ni nyinyi. Gawaneni.” Tukagawana siku. Mimi nina Jumanne na Ijumaa. Jumapili ni ya mwenye wageni.

Miezi ikapita, akaja msichana wa mradi kutathmini. Akakuta umeme wa mita ile haujapungua, umepanda. Lazima upande, zamani tulikuwa tunapika kwa mkaa na sasa jiko halipoi. Akaniuliza kama mwenye nyumba alipata elimu. Nikamwambia aliipata, akaenda nayo Chiungutwa. Nikamwomba aandike kwamba hapa ni nyumba nne, hata nyuma ya karatasi. Hakuwa na karatasi, alikuwa na kishikwambi, na kishikwambi kilitaka jina moja. Akaandika kwamba mteja hajabadili tabia.

Ilikuwa Jumanne. Mbaazi zilikuwa zinaiva ndani, na binti yangu alikuwa mlangoni anachezea vifuniko, anapumua vizuri. Nilimsindikiza msichana hadi barabarani. Niliporudi nilimpitia muuza mkaa nikachukua wa Jumatano.